Kinamasi Hakikumfukuza Mtu: Mahame ya Billys Island

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi jimbo la Georgia, Marekani

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu na vijana wote mliofika, hamjambo, na asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya jimbo hili la Georgia, ambalo kwa wengi wetu sasa ndilo kwetu. Tumetoka Uvira na Fizi, tumetoka Bujumbura, Kigoma, Mombasa, tukakutana Clarkston na vitongoji vya Atlanta. Watoto wetu wanazaliwa hapa. Ningeweza kuwasimulia habari za Dr. Martin Luther King, lakini hizo watoto wanazisoma shuleni na wanatufundisha sisi. Nimechagua mahali ambapo nadhani wengi hatujapasikia: kisiwa kimoja katikati ya kinamasi cha Okefenokee, kusini kabisa mwa jimbo, mpakani na Florida. Jina lake Billys Island. Miaka mia moja iliyopita palikuwa na mji pale, wenye watu wapatao 600, hoteli, shule, kanisa, duka na jumba la sinema. Leo ni mahame. Hakuna mtu anayelala pale.

Wageni wanaopelekwa kukitazama kisiwa hicho huondoka wakisema kinamasi kiliumeza mji. Ni maneno yanayosisimua, na ukiona mashine zilizoliwa na kutu chini ya miti utashawishika kuyaamini. Mimi nimekuja kuyapinga. Kinamasi hakikumfukuza mtu hata mmoja. Watu waliondolewa pale na watu wenzao, tena zaidi ya mara moja, na mji wenyewe ukavunjwa na mikono ileile iliyoujenga. Nikishamaliza mtaona kwa nini tofauti hiyo inaniuma.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Okefenokee ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,770, yaani inazidi kidogo kisiwa kizima cha Unguja. Upande wa mashariki imezuiwa na Trail Ridge, tuta refu la mchanga ambalo zamani za kale lilikuwa ufuko wa bahari. Mvua inayonyesha haina haraka ya kutoka. Sehemu kubwa ya maji hushuka polepole kwa mto Suwannee kuelekea Ghuba ya Meksiko, na kiasi kidogo hutoka kwa mto St. Marys kwenda Atlantiki. Maji yake ni meusi kwa sababu ya majani yaliyolowa humo, lakini si machafu. Siku isiyo na upepo yanaakisi miti hata hujui mti unaanzia wapi.

Majani, mizizi na magome yakianguka katika maji kama hayo hayaozi yakaisha, maana hewa haipenyi vya kutosha. Yanakaa tabaka juu ya tabaka, na kufanyika kile ambacho wataalamu wetu hukiita mboji. Kuna sehemu mboji hiyo ina unene wa mita nne na kuzidi, na imechukua maelfu ya miaka kujikusanya. Vipande vyake hubanduka chini vikaelea, vikaota nyasi, baadaye vichaka, baadaye miti. Ukivikanyaga vinanesa kama godoro, na mti ulio hatua tano mbele yako unatikisika.

Juu ya ardhi ya namna hiyo hujengi nyumba. Lakini humo ndani vimo visiwa vya mchanga vilivyoinuka kidogo juu ya maji, vyenye misonobari mirefu. Billys Island ni kimojawapo katika vilivyo vikubwa: urefu wake unafika kilomita sita hivi, na upana kilomita mbili na ushei. Yako pale makaburi ya vilima vya udongo ya watu walioishi karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuliona bara hili. Kwa hiyo tukisema kinamasi hakikaliki, tuwaulize kwanza wale waliozikwa humo.

Baadaye waliishi Waseminole, taifa mojawapo la wenyeji wa asili. Inasemekana hata jina la kisiwa lilitokana na mmoja wa viongozi wao, Billy Bowlegs, ingawa wapo wanaobisha. Na pamoja na Waseminole, kinamasi kiliwahifadhi pia watumwa waliotoroka mashambani. Watoro, kwa Kiswahili chetu cha pwani. Naomba vijana mlizingatie hilo. Kwa mwenye mashamba ya pamba Okefenokee ilikuwa mahali pa kutisha. Kwa mtu mweusi aliyekuwa anawindwa na mbwa, maji yaleyale yalikuwa kinga yake.

Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka mashariki ya mto Mississippi. Mwishoni mwa 1838 Jenerali Charles Floyd aliingia Okefenokee na askari wapatao 250. Walifika kisiwani wakakuta kijiji kitupu. Wenyewe walikwisha kuondoka kuelekea Florida. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunayoijua kwa maandishi kwamba kisiwa kile kilibaki bila watu. Nani aliwaondoa? Serikali, kwa bunduki.

Katikati ya karne hiyo ikaingia familia ya Lee. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana kila nikisoma habari za watu hawa nawaona jamaa zangu wa mabondeni.

Walikuwa Wazungu maskini. Walijenga nyumba za magogo, wakalima mahindi, viazi vitamu na miwa kwenye mchanga ule. Ng'ombe na nguruwe walijitafutia malisho porini. Samaki walikuwa tele, kulungu wapo, asali ipo kwenye mapango ya miti. Walisafiri kwa mitumbwi myembamba, mtu amesimama, anasukuma kwa upondo, vilevile kama wafanyavyo watu wetu wa Rufiji. Ngozi za mamba na za fisi maji waliziuza nje, wakarudi na vitu ambavyo kisiwa hakitoi: chumvi, risasi, kahawa. Wakati wa baridi walizichoma nyasi za kisiwani kwa mpango, ili majani mabichi yaote kwa ajili ya mifugo. Wasomi wa mijini waliuona huo kuwa ushenzi. Leo idara za misitu za Marekani zinawasha moto wa namna hiyo kwa makusudi, kwa kuwa misonobari ya kule inauhitaji, na kwa kuwa nyasi zilizochomwa mapema haziwi kuni za moto mkubwa baadaye.

Mwaka 1912 wakaja wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cornell kuchunguza ndege, vyura, samaki na nyoka wa Okefenokee. Walipokewa na familia ya Lee, wakaongozwa nao majini. Mmoja wao alikuwa kijana, Francis Harper. Alirudi tena na tena kwa miaka mingi. Alianza kwa kuandika habari za wanyama, akaishia kuandika pia habari za watu: maneno yao, nyimbo zao za kanisani, hadithi za uwindaji, na ule mwito wao wa sauti ndefu inayopanda na kushuka, ambao mtu aliutoa jioni akiwa anarudi, ukasikika mbali sana juu ya maji, na wa nyumbani wakajua nani anakuja. Bila Harper tusingejua nusu ya haya. Ni jambo jema sana mtu akikaa na wenyeji mpaka akaona kwamba wanachokijua ni elimu.

Sasa, familia ya Lee walikuwa na kila kitu isipokuwa karatasi.

Wakati wao wanalima na kuvua, ardhi iliyokuwa chini ya miguu yao iliuzwa. Jimbo la Georgia liliuza ekari zipatazo 238,000 za Okefenokee mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa bei ya senti 26 na nusu kila ekari. Pigeni hesabu: dola 63,000 hivi kwa zaidi ya nusu ya kinamasi. Mnunuzi alikuwa Suwannee Canal Company, kampuni iliyoongozwa na Kapteni Harry Jackson, wakili wa Atlanta. Azma yake ilikuwa kukikausha kinamasi. Alitaka kuchimba mfereji, aitoboe Trail Ridge, maji yote yamwagikie mto St. Marys, kisha auze mbao na kugeuza mboji kuwa mashamba ya mpunga, miwa na pamba. Mwaka 1891 mashine za mvuke zikaanza kuchimba. Zilichimba mfereji wa zaidi ya kilomita 18 ndani ya kinamasi, na mfereji huo bado upo, ukienda upande wa mashariki utapita humo kwa boti. Lakini lile tuta la mchanga liliwashinda. Jackson alifariki mwaka 1895, fedha zikakatika, na kampuni ikafa.

Mwaka 1901 ardhi ikanunuliwa na Charles Hebard, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa amekwisha kutajirika kwa kukata misitu ya Michigan. Yeye na wanawe hawakutaka kukausha kitu. Walitaka misaipresi.

Msaipresi wa kule si huu tunaoujua wa milima ya Kenya na Nyanda za Juu za Tanzania, unaopandwa na kuvunwa baada ya miaka 25 au 30. Ni mti wa majini. Shina lake hupanuka chini, mizizi yake huinua vinundu juu ya maji, na wakati wa baridi hupukutisha majani yote. Unakua polepole mno. Mingi iliyokuwa Okefenokee ilikuwa na karne kadhaa. Kiini chake kina mafuta yanayozuia kuoza, na kwa hiyo Marekani nzima iliutaka kwa mataruma ya reli, matangi ya maji, vigae vya mbao na boti. Misitu mingi ya kaskazini ilikuwa imekwisha kufyekwa. Makampuni yakageukia kusini.

Tatizo lilikuwa moja: mti umesimama majini, ni mzito, na hakuna barabara. Mwaka 1909 Hebard wakaanza kulitatua kwa reli. Waligongomea maelfu ya nguzo katika mboji mpaka zikafikia chini kugumu, wakalaza mataruma na vyuma juu yake, na treni ikaingia kinamasini ikipita juu ya maji. Kutoka reli kuu zilitoka njia nyingi ndogo za muda. Mwisho wa kila njia waliweka winchi ya mvuke yenye nyaya ndefu za chuma. Wakataji walitangulia na misumeno na mashoka, wakisimama majini hadi mapajani. Gogo likianguka lilifungwa waya, likaburutwa mpaka kwenye behewa, na treni ikaondoka nalo hadi kiwanda cha kupasulia mbao karibu na mji wa Waycross. Eneo likisafishwa, vyuma viling'olewa na kuhamishiwa eneo jingine. Wahandisi waliobuni mpango huo walikuwa hodari, na sioni haya kuwasifu kwa uhodari huo.

Makao ya kazi yote hii yakawa Billys Island. Ndipo mji ukaota. Safu za nyumba za mbao, karakana za kutengeneza mashine, ofisi, hoteli ya kampuni, duka, shule, kanisa, kinyozi, na jioni sinema. Fikirieni: kuna miji ya Georgia, yenye barabara na mahakama, ambayo wakati huo haikuwa na sinema, na huku katikati ya kinamasi watu walikaa gizani wakitazama picha zisizo na sauti. Wafanyakazi Weusi na Weupe walikaa sehemu tofauti, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa sheria na desturi ya Georgia. Kazi ya majini ilikuwa ya hatari. Waya ukikatika unakata mguu, mti ukiangukia pabaya unaua.

Swali ninalowauliza ni hili: mji ule ulikula nini?

Watu 600 hawakulima pale. Unga ulikuja kwa treni. Nguo, mafuta ya taa, dawa, vipuri, mishahara, hata mwalimu, vyote vilikuja kwa treni. Familia ya Lee walikuwa wameishi pale kwa zaidi ya miaka hamsini wakihitaji kutoka nje chumvi na risasi. Mji wa Hebard ulihitaji kutoka nje kila kitu, na ulikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa. Mtu aliyekuwa katika ofisi ya kampuni kule Philadelphia, akiwa na ramani na hesabu ya miti iliyosimama, angeweza kuandika mwaka ambao mji huo ungekwisha, siku ileile msumari wa kwanza ulipopigwa. Naamini aliuandika. Ndiyo kazi ya mhasibu wa mbao.

Katika miaka hiyo hiyo familia ya Lee wakaambiwa kwamba wanakaa kwenye ardhi ya watu. Mbele ya sheria hati ya kampuni ilikuwa na uzito kuliko miaka yao yote ya kulima na kuzika pale. Wakaondolewa kisiwani. Kilichobaki chao ni makaburi yao, na makaburi hayo yapo hadi leo.

Ndugu zangu, sehemu hii ndiyo inayonikwaza kuliko zote, na naomba tusiiruke. Kwa kawaida tukisimulia mji uliokufa tunahuzunikia sinema na hoteli. Vilikuwa vitu vizuri, vilete huzuni. Lakini hasara kubwa ilitokea kabla, siku walipoondoka watu waliokuwa hawategemei treni. Kampuni ilipofunga hesabu zake hapakuwa na mtu wa kubaki. Wangekuwepo akina Lee, kisiwa kingerudi kuwa kama kilivyokuwa: watu wachache, ng'ombe, viazi, mitumbwi. Kisingeitwa mahame.

Mwaka 1926 na 1927 kazi ikafika mwisho. Misitu ya misaipresi iliyofikika ilikuwa imekwisha. Kwa hesabu inayotajwa, kinamasi kilitoa mbao futi milioni 431, kwa kipimo cha ubao wa futi moja kwa futi moja wenye unene wa inchi moja. Ukigeuza, ni kama mita za ujazo milioni moja za mbao zilizopasuliwa. Sehemu kubwa ilitoka katika miaka isiyozidi 20. Kisha vyuma vya reli vikang'olewa kwa mara ya mwisho, na kila chenye thamani kikafuata treni. Vilivyokuwa vizito kupita faida yake viliachwa: matangi ya mvuke, magurudumu, vipande vya mashine. Hivyo ndivyo mgeni anavyoviona leo akadhani kinamasi kimemeza kitu. Kinamasi kilibakiziwa takataka.

Na kilibakiziwa jambo jingine, matawi na vilele vya miti vilivyotupwa, vikakauka juani. Mboji ikilowa haiwaki. Ikikauka huwaka hadi chini, na moto hukaa ardhini kwa miezi. Mwaka 1932 ulizuka moto mkubwa. Wa 1954 na 1955 ukawa mkubwa zaidi, ukapita juu ya karibu asilimia 80 ya kinamasi. Sitaki kudanganya: Okefenokee imewaka tangu kale kila ukame ukizidi, na moto una kazi yake mle, unazuia mboji isijaze kila bwawa. Lakini moto unaopita juu ya mabaki ya wakataji si sawa na ule uliowashwa na akina Lee wakati wa baridi.

Baada ya kampuni, wapo waliotaka kupitisha barabara humo, wapo waliotaka mfereji wa meli kutoka Atlantiki mpaka Ghuba ya Meksiko. Hapo ndipo Francis Harper na mkewe Jean walipofanya kazi ambayo inastahili kukumbukwa. Jean Sherwood Harper aliwahi kuwa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa Franklin Roosevelt. Roosevelt alipokuwa Rais, Jean alimwandikia barua, akimwomba aokoe kinamasi kile. Serikali ya Marekani ikanunua ardhi kutoka kwa Hebard, na Machi 1937 Roosevelt akatia saini amri ya kuifanya Okefenokee hifadhi ya wanyamapori.

Nawashukuru wote wawili. Bila wao nisingekuwa na mahali pa kuwaelekeza. Lakini pamoja na shukrani, nitasema lililo moyoni. Hifadhi ilikuja na sheria zake, na uwindaji na uvuvi ambao ndio uliokuwa riziki ya familia zilizobaki katika visiwa vingine ukawa hauwezekani kama zamani. Upande wa mashariki, Tom na Iva Chesser waliondoka katika nyumba yao mwaka 1958. Nyumba hiyo imetunzwa vizuri, ua wake wa mchanga mweupe unafagiliwa, wageni wanaingia na kupiga picha. Wenye nyumba hawapo. Sisi tuliotoka pembeni mwa hifadhi za Kongo na Tanzania tunaijua hali hiyo. Inawezekana kulinda msitu na kumlinda mtu anayeujua kwa pamoja. Ni kazi ngumu zaidi, inadai subira na mazungumzo, na mara nyingi haifanywi kwa sababu ya uvivu tu.

Mtu ataniambia hayo ni ya zamani. Si ya zamani. Katika miaka ya 1990 kampuni ya DuPont ilitaka kuchimba madini ya titani katika lile tuta la Trail Ridge, ukingo unaoshikilia maji ya kinamasi kizima, ikapingwa, ikaacha. Mwaka 2019 ikaja nyingine, Twin Pines Minerals ya Alabama, na mpango wa kuchimba palepale. Titani hutengenezewa rangi nyeupe ya kupaka kuta. Wakazi wa vijiji vya pembeni, wanasayansi, makanisa na watu wa taifa la Muscogee, ambao mababu zao walifukuzwa Georgia, walipinga kwa miaka. Maelfu waliandika maoni yao serikalini. Mwaka 2025 taasisi ya The Conservation Fund ikainunua ardhi ile kutoka kwa kampuni kwa takriban dola milioni 60. Linganisheni na dola 63,000 zilizolipwa kwa zaidi ya nusu ya kinamasi.

Na ndugu zetu wa Kongo, mboji niliyowaeleza mnayo ninyi, tena nyingi kuliko hii mara nyingi sana. Mwaka 2017 wanasayansi wa Uingereza na wa Kongo-Brazzaville walitangaza kwamba vinamasi vya Bonde la Kongo vina mboji kwenye eneo la kilomita za mraba 145,500 hivi, na ndani yake imehifadhika kaboni ipatayo tani bilioni 30. Mmoja wa walioendeleza utafiti huo baadaye ni Profesa Corneille Ewango, ambaye wengine mnamkumbuka kwa jinsi alivyoilinda Hifadhi ya Okapi kule Ituri wakati wa vita. Mboji hiyo ikikaushwa, kaboni hiyo huanza kutoka hewani. Ikiwaka, hutoka kwa haraka. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, na baadhi ya vitalu viligusa mboji hiyo. Mwaka 2024 mnada ukafutwa. Mwaka 2025 vitalu vikatangazwa upya, vingi kuliko mwanzo.

Sina nia ya kumwambia mtu wa jimbo la Équateur kule Kongo kwamba asitake barabara, umeme na shule. Anavistahili, na amechelewa kuvipata. Ninachotaka aulize, na ninachotaka vijana wetu mliosoma huku mmsaidie kuuliza kabla saini haijatiwa, ni maswali ambayo Billys Island haikuulizwa. Mji huu mnaotuletea utakula nini mafuta yakiisha? Reli itabaki, au mtaing'oa? Sisi tuliokuwa hapa kabla yenu, jina letu limeandikwa kwenye karatasi gani?

Nimalizie na jambo la safari, maana nataka mwende mkaone wenyewe. Kutoka Atlanta ni mwendo wa kama saa tano kwa gari. Ukifika mji mdogo wa Fargo unaendelea kilomita 29 mpaka Stephen C. Foster State Park, na pale zipo boti za kukodi. Billys Island haiko mbali, kilomita tatu hivi kwa maji. Kuna gati na njia ya miguu inayopita kwenye mashine za Hebard na kufika makaburi ya akina Lee. Nendeni kati ya Novemba na Aprili. Kiangazi cha huku mbu na nzi hawana huruma. Mamba ni wengi, hawana shida na mtu asiyewachokoza, ila watoto wasiwatupie chakula na wasitumbukize mikono majini. Chukueni maji ya kunywa na mafuta ya gari ya kutosha. Nimebandika ramani mbili ukutani karibu na mlango, na karatasi ya kuandika majina ipo mezani kwa familia zitakazopenda kwenda pamoja tukodi basi. Asanteni sana, na sasa nayasubiri maswali yenu.